Uliza Kuhusu Gari: PPF ni ya gari gani, na fundi unamjuaje?

Mwezi huu ukurasa wote nimeuachia PPF, ile filamu ya plastiki inayobandikwa juu ya rangi ya gari ili kuilinda, maana maswali yamerundikana na kuna watu washaanza kupigwa hela zao kweupe. La kwanza nalijibu kwa kirefu, ukilielewa hilo mengine yote yanakuwa mepesi.

SWALI: Habari kaka. Nimetoa Harrier ya 2017 bandarini juzi juzi, nyeupe ya lulu, rangi bado inang'aa na roho inaniuma nikifikiria mawe. Nakaa Mbezi Beach ila kazi inanipeleka Morogoro mara kwa mara, na kuanzia Kibaha mpaka Chalinze ukikaa nyuma ya lori unasikia tu ta ta ta kwenye boneti. Nimeulizia PPF sehemu mbili. Wa kwanza yuko Mikocheni, ana roli kwenye boksi la kampuni inayojulikana, bei yake imenikalisha chini. Wa pili yuko Sinza, anasema yake ni TPU ya China, "kitu ni kile kile", bei haifiki hata nusu na gari zima anamaliza kwa siku moja. Halafu mdogo wangu ananiambia achana na wote wawili, piga seramiki tu. Nishike lipi?
(Msomaji, Mbezi Beach)

JIBU: Nzuri kaka, na hongera kwa gari. Nianze na mdogo wako maana yeye ni wa haraka. Seramiki ni kimiminika, inapakwa, inakauka, inaacha tabaka jembamba sana la mikroni chache. Inafanya maji yateleze, vumbi lisigande, gari ioshwe kirahisi na mng'ao uongezeke, hilo sibishi hata kidogo, ila jiwe lililorushwa na tairi la semi linapita na seramiki na rangi yako kwa pamoja. PPF ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni plastiki inayovutika, TPU, unene wake kawaida ni mikroni 150 mpaka 200 hivi, yaani mara nyingi ni nene kuliko rangi yote ya kiwandani ya gari yako ukijumlisha praima ya chini, rangi yenyewe na klia, ile laka ya juu. Jiwe likigonga filamu inabonyea na kulimeza lile pigo, ndo maana rangi ya chini haidonoki. Na asili yake ni jeshini, 3M waliitengeneza miaka ya 1960 kulinda mapangaboi ya helikopta za Wamarekani kule Vietnam, baadae ndo ikaja kwenye magari. Kwahiyo wewe mtu wa barabara ya Morogoro jibu lako ni PPF, na seramiki ukiipenda utakuja kuipaka juu ya hiyo hiyo PPF.

Sasa kabla hatujafika Mikocheni wala Sinza, kuna kitu hujaniambia na ndo kikubwa kuliko vyote: rangi uliyonayo ni ya kiwandani au kuna mtu kashapuliza?

Naliuliza hili kwa kila mtu na watu wengi wanakasirika, wanasema gari imetoka Japani moja kwa moja. Sawa, lakini na Japani kuna ajali, kuna gereji, na gari inaweza kupulizwa mlango mmoja au bampa kabla hata haijapanda meli, na nyingine inapulizwa ikishafika hapa ili ikae vizuri yadi. PPF ina gundi. Siku ya kuibandika hutaona shida yoyote, shida utaiona siku ya kuibandua, au siku fundi akikosea na kutaka kuirudia, maana rangi ya gereji ambayo haikushika vizuri inatoka pamoja na filamu, unabaki unaangalia praima. Kuna kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi, unakigusisha tu kwenye bati kinakupa namba. Rangi ya kiwandani mara nyingi inasoma kama mikroni 100 mpaka 150 hivi, ukikuta mlango mmoja unasoma 300 wakati mwenzake unasoma 120, huo ulishapita gereji, na ukikuta inakwenda elfu huko, chini kuna puti, ile ya kujazia palipobonyea. Fundi wa PPF asiyekuwa na hicho kifaa, au anacho ila hakitoi mpaka umuombe, kwangu huyo ameshapungua nusu. Na kwenye bampa ambalo ni plastiki kifaa cha kawaida hakisomi, hapo inabidi macho: angalia kingo za ndani kama kuna vumbi vumbi la rangi, angalia kama weupe wa bampa na wa fenda unafanana ukisimama juani.

Na kwa sababu yako ni nyeupe ya lulu, ongeza hatua moja. Toyota wenyewe kule Marekani iliwabidi waongeze waranti ya rangi nyeupe mbili, namba 040 na namba 070, kwa baadhi ya modeli, kwa sababu rangi ilikuwa inachubuka vipande vipande mpaka bati linaonekana. Sisemi Harrier yako ina tatizo hilo. Nasema fungua mlango au boneti, tafuta kile kibati chenye namba za gari, soma namba ya rangi, halafu kagua kingo za boneti na juu ya paa kama kuna sehemu imeanza kuinuka hata kidogo kama ukucha. Ikiwa ipo, usibandike kitu hapo, maana gundi ya PPF itaimalizia hiyo kazi.

Tuchukulie rangi yako ni nzima. Sasa filamu.

Huyu wa Sinza anaposema TPU ni TPU hajakwambia ukweli wote. Kwanza sokoni kuna filamu za PVC zinauzwa kwa jina la PPF, hizo ni ngumu, hazijiponyi, na zikipigwa jua zinakakamaa. Pili hata TPU yenyewe iko ya aina mbili, alifatiki na aromatiki, na hii aromatiki ndo ya bei chee, ikikaa juani inageuka njano. Dar tuko nyuzi karibu 7 tu kusini ya ikweta, jua la hapa halina msimu wa kupumzika, na gari nyeupe ndo inayoumbua filamu ya njano kuliko gari yoyote. Mimi sina shida na kitu cha kutoka China, viwanda vizuri viko kule pia, shida yangu ni roli lisilo na jina wala namba, ambalo likigeuka njano mwakani hakuna mlango wa kwenda kugonga.

Cha kufanya, muombe kila mmoja akukatie kipande kama cha ukubwa wa kiganja. Fundi mwenye kitu kizuri hakunyimi. Kivute kwa vidole halafu kiachie: TPU inavutika na kurudi yenyewe taratibu kwenye saizi yake, PVC inakataa kuvutika, au inavutika na kubaki hivyo hivyo imelegea na weupe weupe mahali ulipovuta. Halafu kibandike kwenye kioo, kikwaruze na brashi ya waya laini ya shaba mpaka kiwe na ukungu wa mikwaruzo, mwagia maji ya moto kidogo. Kile kizuri mikwaruzo inapotea palepale unaangalia, inajifunga yenyewe kwa sababu tabaka la juu likipata joto linarudi lilivyokuwa. Kwenye gari yako hiyo kazi boneti itaifanya yenyewe kila mchana ukipaki juani. Ila ujue kinachopona ni mikwaruzo midogo ya juu, ya kitambaa na brashi. Ikichanwa na msumari au bodaboda akikupitia na kishikio, imechanika, na ndo kazi yake, bora ichanike yenyewe kuliko rangi.

Kipimo cha unene kinachanganya watu sana kwahiyo shika hili: wauzaji wanataja "mil 8" na wengine wanakwambia ni milimita 8. Hakuna filamu ya milimita 8. Mil ni sehemu ya elfu ya inchi, kwahiyo mil 8 ni kama milimita 0.2, ndo zile mikroni 200. Na asikuuzie mil 10 au 12 kama kwamba nene zaidi ndo bora zaidi, ile nene sana inagoma kukunjika kwenye kona za bampa na inaanza kuinuka. Kingine, roli la kawaida lina upana wa mita 1.52 na urefu wa mita 15, na gari kama yako ikifunikwa yote inakula karibu roli zima. Mtu akikupa bei ya gari zima, muulize anatumia mita ngapi na boksi lifunguliwe ukiwepo, upige picha namba iliyoandikwa kwenye boksi. Akikwambia mita nane zinatosha gari zima, kuna sehemu anapanga kuungaunga vipande.

Haya, fundi. Mimi ningekuwa na hela ya kitu kimoja tu kizuri kati ya filamu na fundi, ningechukua fundi. Filamu ya kati mikononi mwa fundi mzuri inakaa miaka, filamu ya gharama mikononi mwa kanjanja inaharibika mwezi huo huo na inaweza kukuachia alama za kisu kwenye rangi, ambazo hakuna polishi ya kuziondoa.

Nenda kaone anapofanyia kazi, siyo ofisini kwake, pale pale gari inapokaa. PPF inabandikwa na maji, anapulizia rangi maji yenye shampoo kidogo ili filamu iteleze mpaka ikae mahali pake, halafu kwenye kingo anapulizia mchanganyiko wa maji na spiriti ili ishike, ndipo anasukuma maji yatoke kwa raba kuanzia katikati kwenda nje. Sasa wakati filamu iko hewani, upande wa gundi ukiwa wazi, vumbi lolote linalopita linanasa, na likishanasa ndo limekuwa la gari. Kwahiyo fundi anayefanyia chini ya turubai kando ya barabara ya vumbi, hata awe na mkono wa dhahabu, hawezi kukutolea kazi safi. Unataka chumba kimefungwa, sakafu imemwagiwa maji, taa nyingi, na feni isiyopuliza gari.

Muulize anakata vipi. Kuna wanaotumia mashine ya kukata, kompyuta ina ramani ya kila modeli, kipande kinatoka kimeshakatwa. Kuna wanaotandaza filamu juu ya gari na kukata kwa mkono. Zote ni njia halali na mafundi wazuri wanachanganya, mashine kwa sehemu nyingi na mkono kwenye kona ngumu, lakini wa mkono lazima akuhakikishie kisu hakigusi rangi, kuna uzi maalum wa kukatia unawekwa chini ya filamu unavutwa, hapo hakuna wembe. Muulize pia anafungua nini. Kwa kazi nzuri ya mbele taa, nembo na wakati mwingine bampa lenyewe linalegezwa ili filamu ikunjwe iingie ndani, na hapo klipu zinaweza kukatika, kwahiyo mkubaliane mapema klipu ikikatika nani ananunua.

Halafu usikubali picha za Instagram, kila gari inapendeza siku inatoka. Mwambie akuonyeshe gari aliyoibandika mwaka jana au zaidi, na ukiiona usiangalie katikati ya boneti, chuchumaa. Pitisha ukucha chini ya kingo ya boneti kwa mbele, filamu iliyokunjwa vizuri hausikii ngazi, inazunguka inaingia ndani. Nenda kwenye tundu la taa za ukungu na kwenye kona ya bampa karibu na tairi, hapo ndipo filamu huvutwa sana, na ile iliyovutwa kupita kiasi inajirudi ikipata jua na kuacha mdomo wazi wenye mstari mweusi wa uchafu. Angalia sensa za kupaki, matundu yake yawe yamekatwa duara safi. Ukikuta hizo sehemu tatu ziko safi baada ya mwaka na masika yake, huyo ndo fundi.

Ndo maana wa siku moja gari zima mimi nimeshamuondoa. Mbele peke yake fundi makini anataka siku moja mpaka mbili, gari zima siku tatu mpaka tano, kwa sababu kabla ya kubandika kuna kuosha, kutoa lami na chuma chuma kilichoganda, na kupiga polishi. Filamu haifichi mikwaruzo, inaifungia ndani.

Lakini na huyu wa Mikocheni usimpe gari zima. Kwa safari zako mawe yanapiga mbele, kwahiyo omba bei ya boneti nzima, bampa, fenda zote mbili, saiti mira, taa, na kile kipande cha chini cha mlango nyuma ya matairi. Boneti iwe nzima, siyo ile ya kuishia katikati, kwenye gari nyeupe ule mstari wa katikati utaonekana kila siku. Milango ya juu na paa haipigwi na mawe, hela yake weka kwenye matairi. Nadhani bei ya mbele tu kwa fundi mzuri itakaa karibu na ile ya gari zima kwa huyu wa haraka, na hapo uamuzi unakuwa rahisi.

Hela utoe kwa awamu, advansi kidogo, inayobaki umalize ukishaikagua gari nje kwenye mwanga wa jua, na risiti iwe ya EFD. Waranti iandikwe, sehemu gani zimebandikwa, filamu gani, namba gani, miaka mingapi, na itenganishe kiwanda na fundi: kiwanda kinabeba njano, kupasuka na gundi kuachia, fundi anabeba kingo kuinuka na uchafu. Jiwe likiichana hakuna anayebeba. Kisha wiki ya kwanza usiioshe kabisa, na ukipita car wash baadae mwambie kijana pampu ya presha akae nayo mbali na asielekeze kwenye kingo.

SWALI: Shikamoo anko. Mimi nimeshabandika, gari yangu ni Mazda CX-5 nyekundu, sasa inakaribia mwezi. Kuna viputo vidogo kwenye boneti na kingo za bampa zimeanza kuinuka, fundi anasema ni kawaida zitajishika zenyewe. Kweli?
(Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Marahaba binti yangu. Nusu kweli. Vile viputo vibonyeze taratibu na kidole. Ukiona vinatembea au vina ukungu wa maziwa, hayo ni maji yaliyobaki, yanatoka yenyewe kupitia filamu, siku kadhaa mpaka wiki chache, na kipindi cha mvua hewa ikiwa nzito yanachelewa zaidi, kwahiyo hapo mpe fundi nafasi. Kama kiputo kina kitone kigumu katikati, hilo ni vumbi, halitoki milele. Kama kina hewa tupu na hakipungui wiki baada ya wiki, hakikusukumwa vizuri.

Kingo ndo hapana. Kingo iliyoinuka haijishiki, kila siku inakusanya mchanga na chumvi ya huko kwenu baharini, gundi inachafuka, na ikishachafuka hairudi. Mrudishie gari wiki hii hii, usisubiri. Ikiwa imeinuka milimita chache na bado safi, anaweza kuipasha na kuishusha. Ikiwa ina mstari mweusi, abandue kipande cha bampa chote aweke kipya, na usimruhusu kabisa aje na superglue, nshaona gari imepigwa superglue kwenye kingo, ikitolewa inaondoka na klia. Piga picha leo zenye tarehe, mtumie kwa WhatsApp ujumbe wa maandishi siyo kumpigia, ili kila kitu kiwe na kumbukumbu. Akigoma na una risiti na waranti, Tume ya Ushindani, FCC, ndo ofisi inayohusika na kumlinda mlaji, peleka malalamiko yako pale.

Na kitu kimoja ambacho hukuuliza: kama unapaki chini ya mti, mavi ya kunguru usiyaache yakakauka. Wale kunguru weusi walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa wamejaa Dar nzima, uchafu wao ukipikwa na jua unaacha doa hata kwenye PPF, sawa na utomvu wa mwembe. Kuwa na chupa ya maji kwenye buti, lowanisha kwanza, subiri, ndo ufute.

SWALI: Bro mi naendesha teksi ya mtandao, IST ya silva, gari ni ya bosi ila ananiachia niitunze kama yangu. Hela ya PPF sina na ya seramiki ndo hivo hivo. Kuna cha kufanya?
(Msomaji, Mwananyamala)

JIBU: Kipo, na cha bei ndogo. Kwenye kazi yako mawe siyo adui mkubwa, adui ni kucha, pete na mabegi. Angalia nyuma ya kitasa, ule uwazi ambao abiria anaingiza vidole, utaona umejaa mikwaruzo. Angalia ncha za milango zinazogonga ukuta, na juu ya bampa la nyuma ambapo watu wanaburuta masanduku. Hizo sehemu tatu zinahitaji vipande vidogo tu, na mafundi wa PPF wakimaliza gari kubwa wanabaki na mabaki ambayo mengi yanaishia kwenye taka. Nenda ukaongee nao vizuri, muombe akutolee kwenye mabaki, unalipia zaidi mkono wake.

Cha pili ni cha bure. Mkataze yeyote kukufutia gari na kitambaa kikavu asubuhi. Walinzi na madogo wa kuosha wanafanya kwa wema, lakini vumbi la Dar ni mchanga, na kuusugua ukiwa mkavu ndo kunakoleta ile mizunguko mizunguko unayoiona kwenye rangi ukisimama chini ya taa ya sheli. Maji kwanza, kila siku. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa.

SWALI: Kaka nataka kufanya Crown yangu nyeusi iwe ya kijani isiyong'aa. Nimeambiwa PPF za rangi zipo. Bora hiyo au stika?
(Msomaji, Mikocheni)

JIBU: Zipo kweli. Stika ya kubadilisha rangi ni PVC, nyembamba, kama nusu ya PPF, inakupa rangi ila jiwe haliizuii sana. PPF ya rangi inakupa vyote viwili na bei yake utaisikia. Kabla ya yote, rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi, kwahiyo ukiigeuza kijani nenda TRA ukabadilishe taarifa, usingoje askari akusimamishe na kadi inasema nyeusi. Kama unachopenda ni ule muonekano usiong'aa tu, kuna PPF ya mati isiyo na rangi, Crown inabaki nyeusi, kadi inabaki ilivyo. Mimi ningeanza na hiyo.

SWALI: Mwanangu, nina Land Cruiser ya miaka ya tisini, bado ina nguvu. Boneti na paa rangi imefifia na juu kunabanduka kama ngozi. Kijana mmoja wa Kariakoo anasema PPF itazuia isiendelee.
(Mzee wa Tabata)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Usimpe hela yako. Kinachobanduka hapo ni klia, ile laka ya juu, na ikishaanza kuachia hakuna filamu ya kuishikilia, itashikana na ile klia iliyolegea na siku ikitoka zinatoka zote. Hapo ni boneti na paa zipulizwe upya na mtu mwenye oveni, kisha usubiri mwezi na zaidi rangi itoe hewa yake ndipo ufikirie kitu kingine, na kwa kweli kwa gari hiyo hela bora iende chini, kwenye chasi, ioshwe chumvi na kutu ishughulikiwe, maana PPF inalinda pale tu ilipobandikwa.

Sehemu moja ningekubali: taa za mbele, kama ni za plastiki na zimeingia njano. Zisuguliwe na msasa laini wa maji, zipigwe polishi mpaka zing'ae, zikauke vizuri, na filamu ibandikwe siku hiyo hiyo, kwa sababu ule msasa unaondoa kinga ya jua ya kiwandani na zikiachwa wazi njano inarudi haraka.